Niliyoipa alama sita hainitoki kichwani: nipangeje filamu zangu bora za mwaka?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwaka huu nimetazama filamu nyingi kuliko mwaka wowote, na kila moja niliiandika kwenye daftari na kuipa alama kati ya kumi. Sasa mwaka unaisha, nataka kuchagua kumi nilizozipenda zaidi, na nimekwama. Zipo nilizozipa tisa ambazo leo siwezi hata kusimulia zilihusu nini. Halafu kuna La Noire de... ya Sembène wa Senegal, niliyoipa sita kwa sababu sauti haikufuata midomo na hadithi niliiona fupi, lakini tangu mwezi wa nne hainitoki kichwani. Binamu yangu, aliyesomea mambo ya habari, aliiona orodha yangu ya awali akasema si ya mtu anayejua sinema: mbili ni za Kihindi za zamani nilizotazama na mama, moja ni ya mapigano ya Hong Kong iliyotafsiriwa na DJ, na zilizotoka mwaka huu ni chache mno. Akanipa Jeanne Dielman, akasema wahakiki wa dunia nzima wameichagua kuwa bora kuliko zote. Nilianza kuitazama kwenye simu saa nne usiku, mama wa watu anamenya viazi, nikalala. Tena siku hizi sifurahii filamu kama zamani. Natafuta makosa, nashika simu kila mara, na maandishi ya chini yananiumiza kichwa. Je, sina jicho la filamu? Na orodha niipange kwa kigezo gani?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo kama matano hivi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja nyuma yake: kwamba kupenda kwako hakuhesabiki mpaka mtu anayejua zaidi akuthibitishie. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchagua filamu za maonyesho na kufundisha vijana uhakiki, na hofu hii nimeikuta mara nyingi kwa watu wenye jicho zuri. Asiyejali hakwami. Huandika kumi za kwanza zinazomjia, akaendelea na mambo yake. Wewe umekwama kwa sababu umeona kwamba alama ulizoandika na kinachoendelea moyoni mwako havilingani, na hilo ni jambo la kweli kabisa, lina sababu zake, na nitakueleza.

Kwanza tummalize binamu. Ni kweli Jeanne Dielman iliongoza. Jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound limekuwa likiwapigisha wahakiki kura kila baada ya miaka kumi tangu 1952, na katika kura ya 2022, iliyoshirikisha watu zaidi ya 1,600, filamu hiyo ya Chantal Akerman wa Ubelgiji ilishika nafasi ya kwanza. Lakini angalia kura hizohizo zilivyokwenda huko nyuma. Mwaka 1952 iliongoza Bicycle Thieves ya Mwitaliano Vittorio De Sica, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Citizen Kane ya Orson Welles, ya 1941, haikuingia hata kumi bora mwaka huo, kisha ikaongoza mara tano mfululizo kuanzia 1962 hadi 2002. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilitoka 1958, ikakosa kumi bora mwaka 1962 na 1972, ikaingia 1982, na mwaka 2012 ikawa ya kwanza. Jeanne Dielman yenyewe, mwaka huo wa 2012, ilikuwa nje ya thelathini bora.

Hakuna aliyezipiga upya filamu hizo. Waliobadilika ni watazamaji, na walioulizwa. Kura ya 2022 ilikuwa na wapiga kura karibu mara mbili ya ile ya 2012, wakiwemo watu wengi ambao zamani hawakualikwa. Na kuna jambo ambalo pengine binamu yako hakuliangalia: ndani ya filamu 100 za kura hiyo imo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, naye wa Senegal, na imo La Noire de..., hiyohiyo uliyoipa sita.

Sikuambii hivyo ili uiweke kwenye orodha yako kwa sababu imepigiwa kura. Hilo lingekuwa kosa lilelile kwa upande wa pili. Nakuambia ili uone orodha kubwa za dunia zinavyotengenezwa. Kila mpiga kura hutuma filamu kumi, mpangilio wake hauhesabiwi, na kila mmoja huachiwa aamue mwenyewe neno "bora" lina maana gani. Ni mamia ya watu waliokaa peke yao na shida uliyonayo wewe, kisha majina yakajumlishwa. Huwezi kuchukua jumla hiyo ukamsahihishia mtu mmoja anachokipenda.

Yapo maswali mawili hapa, na watu huyachanganya. "Je, hii ni kazi kubwa ya sanaa?" ni swali la kujibiwa kwa hoja: uongozaji, uigizaji, picha, uhariri, nafasi yake katika historia. "Je, naipenda?" ni swali la kujibiwa kwa ukweli tu. Orodha ya mwaka ya mpenzi wa filamu hujibu la pili. Ukiniambia filamu fulani ni kubwa, nitakudai hoja. Ukiniambia umeipenda, ninachokudai ni usinidanganye, na usijidanganye mwenyewe.

Kuhusu filamu kuwa za zamani, sina mengi. Orodha ya filamu zilizotoka mwaka huu ni kazi ya mwandishi wa magazeti anayeletewa zote kwa wakati. Orodha ya filamu ulizozitazama mwaka huu ni kitu kingine, nayo ni halali. Filamu hutufikia zinapotufikia. Andika tu juu ya ukurasa ni orodha ya aina gani, na mabishano yataisha.

Sasa njoo kwenye alama zako, maana hapa ndipo penye utamu. Kwa nini iliyopata tisa imepotea na iliyopata sita imebaki?

Alama unayoandika wakati majina ya waigizaji yanapita kwenye skrini hupima zaidi jinsi unavyojisikia dakika ile. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo hulieleza jambo hili vizuri. Watu waliingiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliingiza kwa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ingawa lilikuwa na maumivu zaidi kwa jumla. Kumbukumbu haikuhesabu muda. Ilishika kilele cha maumivu na jinsi yalivyoisha, na mwisho wenye nafuu kidogo ukapunguza ubaya wa yote.

Watengenezaji wa filamu walijua hilo kabla ya maabara. Mwisho wenye wimbo mzuri na machozi hupandisha alama ya saa moja na nusu iliyopwaya. Nina hakika baadhi ya tisa zako uliziandika muziki ukiwa bado unapiga. Na filamu inayoisha bila kukutuliza, kama ya Sembène, huadhibiwa usiku ule kwa sababu imekuacha vibaya, hata kama hilo ndilo lilikuwa kusudi lake.

Kisha kuna kusahau. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipoipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, inajulikana kwamba tunapoteza mengi mwanzoni, ndani ya saa na siku za kwanza, halafu kasi hupungua. Kilichovuka majuma machache kina nguvu ya kukaa. Kwa hiyo filamu ya mwezi wa nne inayokurudia hadi leo bila kuitwa imeshafaulu mtihani ambao alama haikuupima.

Kuna na la tatu. Kipimo chako hakikusimama mahali pamoja. Saba uliyoitoa Januari, kabla hujatazama filamu nyingi, si saba uliyoitoa Agosti baada ya jicho kuzoea vitu vizuri. Ni kama kupima vitambaa vya mwaka mzima kwa futi ya fundi inayolegea kila mwezi.

Lakini usiniwekee maneno mdomoni kwamba kumbukumbu ndiyo hakimu pekee. Nayo ina upendeleo. Hupenda vitu vya karibuni, hivyo filamu za Desemba huonekana kubwa kuliko zilivyo. Hushika vilivyojadiliwa sana na watu. Hushika pia ukatili, hata wa filamu mbaya. Kuna picha chafu zitakazokukaa kichwani maisha yako yote na hazistahili orodha yoyote. Ndiyo maana kujiuliza "imebaki?" hakutoshi. Jiulize pia: imebaki ikinifanyia nini?

Ngoja tuitazame La Noire de... kwa swali hilo, kwa sababu umenipa sababu mbili za kuipunguzia alama na zote mbili zinastahili jibu la kina. (Msomaji ambaye hajaiona, ruka aya nne zinazofuata.)

Sembène Ousmane alikuwa mwandishi kabla ya kushika kamera. Alifanya kazi bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akakabiliana na ukweli kwamba watu wengi aliowaandikia hawakuweza kuzisoma. Akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40. La Noire de..., ya 1966, ni ya takriban saa moja, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya Jean Vigo ya Ufaransa. Diouana, msichana wa Dakar, anamfuata mwajiri wake wa Kifaransa hadi Antibes akidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anajikuta mpishi na mfagizi ndani ya fleti, na Ufaransa yake inaishia dirishani.

Uliona sauti haifuati midomo. Uliona sawasawa. Sauti za filamu hiyo ziliingizwa baadaye, na Diouana anaigizwa na Mbissine Thérèse Diop wakati mawazo yake tunayoyasikia kwa Kifaransa yanasemwa na mtu mwingine, Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji wa Haiti. Sasa kumbuka Diouana mwenyewe anasema nini kwa mdomo wake akiwa Antibes. Karibu hakuna, zaidi ya "ndiyo bibi" na "ndiyo bwana". Ndani ya kichwa chake kuna mtu mzima mwenye hasira, kumbukumbu na mzaha, anayeongea kwa ufasaha. Nje kuna mfanyakazi anayeitikia. Pengo kati ya mdomo na sauti, ambalo wewe uliliandika kuwa kasoro ya ufundi, ndilo maisha yake. Kama Sembène alilipanga tangu mwanzo au vifaa na fedha vilimsukuma huko, kwangu haibadilishi kitu. Ukiwa msanii wa kweli, unachokosa nacho kinafanya kazi. Miaka miwili baadaye alitoa Mandabi, na humo watu wake wakaongea Kiwolofu kwa midomo yao wenyewe.

Ufupi wake nao. Filamu inaanza Diouana akiwa ameshafika, inarudi Dakar, inaenda mbele tena. Haitupi muda wa kumzoea mwajiri wala wa kutafuta nani hasa mbaya. Yule bibi si jini. Ni mtu wa kawaida aliyechoka, anayetaka kahawa. Kwetu pwani, ambako wasichana wengi wameondoka na wanaendelea kuondoka kwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, filamu hii haijazeeka hata siku moja. Sijui kama una ndugu au jirani aliyekwenda. Ukiwa naye, basi huenda tayari unajua kwa nini haikutoki.

Halafu kuna kinyago. Diouana anakinunua kwa mtoto, anawapa waajiri kama zawadi ya heshima, nao wanakitundika ukutani Antibes kuwa pambo. Mwishoni mwajiri anarudisha kinyago Dakar pamoja na sanduku na mshahara, mama anazikataa fedha, na yule mtoto anakivaa na kumfuata mzungu huyo hatua kwa hatua hadi anapoondoka. Hakuna risasi, hakuna hotuba. Mtoto anatembea tu nyuma yake. Filamu inayokupa picha kama hiyo na kukataa kukueleza maana yake hukuachia kazi ya kuendelea nayo nyumbani, na wewe umekuwa ukiifanya kazi hiyo tangu mwezi wa nne bila kujua.

Jeanne Dielman sasa. Kulala si aibu, na si ushahidi kwamba filamu ni mbaya. Filamu ile ina dakika 201. Akerman, aliyeitengeneza akiwa na umri wa takriban miaka 25, ameweka kamera imara, haisogei, na anamtazama mama mjane siku tatu za maisha yake ya nyumbani: kupika, kuosha, kupokea wanaume wanaomlipa, kula na mwanawe. Siku ya kwanza kila kitu kiko mahali pake. Kazi yake ni kukufundisha utaratibu wa nyumba hiyo mpaka uujue kama wako. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na chombo anamowekea fedha kinabaki wazi bila kifuniko. Kwa aliyetazama siku ya kwanza macho makavu, kifuniko hicho kinatisha kuliko bastola. Kwa aliyelala, ni kifuniko tu. Ndiyo maana haiwezekani kuihukumu kwa nusu, wala kwa simu saa nne usiku ambapo jiko zima lina upana wa vidole vitatu.

Ukitaka kujaribu tena, tafuta skrini kubwa, mchana, siku ya mapumziko, na kama huwezi kukaa saa tatu na zaidi, simama inapoisha siku ndani ya filamu. Akerman alitaka muda wenyewe uusikie mwilini, kwa hiyo kukata kunapunguza kitu, ila ni afadhali kuliko usingizi. Ukiitazama yote na bado isikuguse, iache kwa amani. Mimi naiheshimu kupita kiasi, na bado kila mwaka naona wanafunzi hodari wasioipenda. Usichoweza kufanya kwa haki ni kuiweka kwenye orodha ili binamu afurahi.

Ile ya Hong Kong iliyotafsiriwa na DJ nitaitetea kwa moyo wote. Kuna watu wanaoona filamu ya kutafsiriwa ni kitu cha vibanda umiza na si sinema. Wangejua kwamba Japani, enzi za filamu bubu, kumbi za filamu zilikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya skrini akieleza hadithi na kuwapa wahusika sauti, na kwamba mara nyingi watu walilipa kiingilio kwa kufuata jina la benshi zaidi ya jina la filamu. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Lufufu kwetu Tanzania, DJ Afro Kenya na VJ Jingo Uganda wanasimama katika ukoo huohuo wa kazi. Wanaongeza utani, wanampa stelingi jina la mtaani, wanaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hiyo ni sanaa ya kusimulia, na watu wetu waliijua kabla ya kuwepo umeme.

Sharti langu ni moja: kubali kwamba ulichokipenda kina mabwana wawili. Andika jina la filamu na jina la aliyetafsiri. Kisha, ukipata nafasi, itazame bila tafsiri. Inawezekana ukagundua uliipenda sauti ya DJ na si filamu, na inawezekana ukaona mambo ambayo maneno yake yalikuwa yameyafunika, hasa ukimya. Vyovyote itakavyokuwa, umejifunza jambo kuhusu jicho lako.

Za Kihindi ulizotazama na mama zibaki pia, kama zimebaki moyoni. Hukuzitaja, lakini ukisikia mtu anazidharau kwa kuwa za zamani na za nyimbo, mkumbushe Kagaz Ke Phool ya Guru Dutt. Ilitoka 1959, ikaanguka vibaya sokoni, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji kwenye filamu nyingine hadi alipofariki 1964. Leo inafundishwa vyuoni kuwa miongoni mwa kazi kubwa za India. Unaweza kuuliza kama kilichokupendeza ni filamu au ni mama aliyekuwa akiimba pembeni yako. Naona huna haja ya kuvitenga. Filamu hutazamwa mahali fulani, na mtu fulani, na hivyo vyote huingia ndani yake.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako iliyonigusa zaidi, kwamba hufurahii tena.

Kuna sababu nyepesi, na nadhani ndizo zako. Anayejua kwamba mwisho ataandika alama hutazama kama msahihishaji wa mitihani, na msahihishaji hutafuta makosa. Acha alama kwa miezi mitatu. Simu nayo weka chumba kingine. Tunachokitazama kwa umakini uliogawanyika hakiandikwi vizuri kwenye kumbukumbu, na filamu yenye maandishi ya chini inakupoteza mara mbili: ukiinama kwenye simu umekosa picha na umekosa maneno. Punguza pia idadi. Aliyetazama filamu nyingi mfululizo huzifanya zifutane, ya leo ikikalia ya jana kabla haijatulia. Kuhusu kutafuta makosa, sikuambii uache kuyaona. Jicho likishafunguka halifungiki. Ila mara ya kwanza iache filamu ikuchukue, na makosa yasubiri mara ya pili.

Kichwa kuuma unaposoma maandishi ya chini usikichukulie kuwa ni uchovu tu. Nenda kapimwe macho. Nimewaona watu walioziita filamu za kigeni "nzito" kwa miaka, kumbe walihitaji miwani. Hilo mtaalamu wa macho atalijua kwa kukupima, na mimi siwezi kulijua kupitia barua.

Kuna jingine naomba ulijibu kwa ukweli, wewe mwenyewe na nafsi yako. Kilichopoteza ladha ni filamu peke yake? Kama na chakula, marafiki, muziki, ibada na mambo mengine uliyoyapenda yamepoa vilevile, kama usingizi umeharibika au unaamka huna nguvu, na hali hiyo imekaa majuma mawili au zaidi, hapo hatuzungumzii tena uhakiki. Inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Nenda kituo cha afya au hospitali uongee na daktari ana kwa ana, na mwambie mtu wa nyumbani unayemwamini ili akusindikize. Na ikitokea mawazo ya kujidhuru, usingoje majuma mawili wala siku mbili. Nenda siku hiyohiyo. Huenda hayo hayakuhusu hata kidogo. Nayasema kwa sababu umeandika "sifurahii" katikati ya maswali ya orodha, na watu wengi huanzia hivyohivyo, kwa jambo dogo linaloweza kusemeka.

Kwa orodha yenyewe, fanya hivi. Funga daftari. Chukua karatasi tupu, asubuhi, ukiwa hujachoka, uandike filamu za mwaka huu zinazokuja zenyewe. Mbele ya kila moja andika tukio au picha moja uliyonayo kichwani. Isiyo na picha yoyote, hata kama jina limekuja, iwekee alama ya kuuliza. Kisha fungua daftari uangalie ulizozisahau, hasa za Januari na Februari, maana hizo ndizo zinazodhulumiwa. Usizitazame alama, tazama majina. Baadhi yatakushtua, na mshtuko huo ni jibu.

Zitabaki chache za mpakani. Hizo zitazame tena, hata dakika 30 za mwanzo. Kurudia hakufanyi kila kitu kipendeze zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha wanafunzi mara kwa mara picha za mchoraji mzuri, John Everett Millais, na za Thomas Kinkade, ambaye wataalamu wengi wanamwona dhaifu. Kadiri walivyomwona Kinkade mara nyingi zaidi ndivyo walivyompenda kidogo, na Millais hakupata hasara hiyo. Kwenye filamu naliona hilo kila mwaka. Mwaka huu nimerudia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Mara ya kwanza nilifuata mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Safari hii nilifuata vivuli na milango, jinsi mji unavyowaficha watu na jinsi unavyowasaliti, na imepanda juu sana kwangu. Nimerudia pia Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya 2018, kuhusu mtoto Jo ambaye ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona na kijiji kinachoshirikiana kumtengenezea filamu yake ya ushujaa. Niliogopa kwamba machozi ya mara ya kwanza yalinidanganya. Hayakunidanganya, sasa nilimtazama mama yake, ambaye mwanzo nilimpita, na hapo ndipo ilipo filamu. Nyingine mbili nilizozirudia zimeshuka, na nimeziondoa bila kinyongo.

Usipange kwa namba kama namba zinakutesa. Ziandike kwa mpangilio uliozitazama. Kwa kila moja ongeza sentensi mbili: nini kimebaki, na kwa nini unadhani kimebaki. Hizo sentensi ndizo utakazozisoma kwa faida miaka mitano ijayo, wakati tisa na sita hazitakuambia kitu. Mwakani andika sentensi hizo asubuhi ya pili yake, usiandike usiku uleule.

Zikifika saba tu, ziwe saba. Kisha mpelekee binamu yako, ukae naye, mchague moja kutoka kwako na moja kutoka kwake, mzitazame zote mbili mkiwa pamoja, simu zikiwa mbali.